Mende wa Mama Valerie

Soweto West, Kibera
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mdogo wangu Oluoch, ambaye ameng'oka jino la mbele. Je, mguu wa nyanya Dani umepungua uvimbe? Sisi tu wazima. Barua hii nampa Opondo akuletee, kwa kuwa kwenye simu ningenyamaza tu, unavyonijua.

Mama, tangu jana siwezi kula maharagwe. Nikiyaona, naona mayai ya mende.

Jana fundi Wanzala, yule anayenifundisha kutengeneza redio kwenye kibanda chake pale Makina, aliniambia twende Kabiro kwa Mama Valerie, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha. Hom thieta yake, kile kisanduku cha spika, tulikuwa tumeitengeneza na kuirudisha Alhamisi. Sasa alikuwa na wageni wa kutazama video ya siku mahari ya bintiye ilipoletwa, na sauti ilitoka bila picha. Wanawake walikuwa wameketi mbele ya skrini nyeusi wakisikiliza vigelegele. Mmoja aliuliza kama wamealikwa kusikiliza redio.

Wanzala aliangalia kwanza kama televisheni imewekwa ipokee picha kutoka tundu lenye waya. Ilikuwa sawa. Akabadilisha waya, bado. Kisha akaunganisha deki moja kwa moja na televisheni, akakiruka kisanduku cha hom thieta, na Valerie akatokea akitabasamu. Basi ubaya ulikuwa ndani ya kisanduku. Akafungua kifuniko.

Mama, walimwagika. Wakubwa, wadogo, na wale weupe waliotoka kujivua ngozi, wakakimbia juu ya zulia hadi kwenye sahani za mukimo. Kwenye tundu la waya wa picha walikuwa wamebanana, na kinyesi chao kama majani ya chai. Harufu yao unaijua. Mgeni mmoja alitapika kwenye bakuli la kunawia.

Mama Valerie alipiga kelele kwamba nyumba yake hupigwa dawa kila mwezi, na kwamba mende hao wana sura ya Kibera. Wanzala akaapa kibanda chake hakina hata sisimizi. Basi Mama Valerie akamgeukia Mumbua, msichana wake wa kazi, ambaye kila Jumapili humtembelea dada yake Laini Saba, hapa Kibera. Akasema amewabeba kwenye mkoba, na Jumatatu asimkute hapo. Mumbua alikuwa amepiga magoti, akiwaua kwa kandambili huku analia.

Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Niliendelea kummulikia fundi.

Mama, mende wale ni wetu. Wanzala aliponiachia kibanda nifunge, nilikibeba kisanduku kile nyumbani pamoja na spika moja, jioni tatu, bila kumwambia. Nilitaka kusikia ile flashi yenye nyimbo za kwaya ya Baba. Simu haitoi besi, na marehemu Baba aliimba besi. Kwenye spika ile alisikika mpaka sufuria zikatetemeka, na Oluoch akacheka. Kisha nilikisukuma chini ya kitanda kikiwa bado na moto, na mende hupenda joto.

Nilijiona mchafu kuliko wao. Leo baada ya kanisa nilitembea hadi Kabiro. Mama Valerie hakunifungulia geti; nilimweleza kupitia kidirisha chake. Aliniita takataka. Halafu nikamsikia akimwambia Mumbua arudishe mkoba chumbani.

Wanzala naye nimemwambia. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo wa kibanda.

Ukirudi, njoo na ile dawa ya unga. Msalimie Dani sana. Baba sasa tunamsikia akiimba kwenye simu tu tena, sauti nyembamba.

Ni mimi bintiyo,
Adhis