Fatwa ya Maji Baridi

Swahiba, usijibu kwanza. Soma tu. Simu ni ya matroni.

Ile fatwa yangu ya kuharamisha kuoga maji baridi alfajiri, niliyoibandika mlangoni mwa msikiti wa shule na kutia jina la Ustadhi chini yake. Watu wameiamini. Mzazi mmoja kaipiga picha, ikasambaa, na leo kamati ya shule imekuja imenuna kama imefiwa.

Nilikuwa napanga viti ofisini kwa mkuu wa shule. Nimesikia kila neno.

"Ustadhi, unaifanyia dini mzaha mbele ya watoto?"

Ustadhi akaitazama karatasi. Mwandiko wangu anaujua, ananisahihishia daftari kila wiki. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Imetoka darasani kwangu. Niadhibuni mimi."

Niadhibuni mimi. Kwa sauti ileile ya kuita mahudhurio.

Wakamwambia akusanye vitabu vyake.

Nikatoka. Nikafika bwenini, nikageuka, nikarudi.

Nikawaambia, "Waheshimiwa, mufti ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Ustadhi ndiye aliyeinamisha kichwa.

Sasa niko kwenye benchi la nje. Baba ameshapigiwa simu.