Dada wa Kanali

Cotabato, 6 Septemba 1987

Dada Puring mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kiuno kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, homa ya mwezi wa saba imekwisha ingawa imenikondesha.

Miaka ishirini na mbili jeshini inanitosha. Nimeomba kustaafu, na siku ya kuondoka watanipandisha cheo, kwa hiyo nitarudi nyumbani nikiitwa Kanali. Mzee Deogracias wa chama alinifuata hadi huku kambini, akakaa nami kutwa nzima. Anasema San Rufino inahitaji mtu wa nidhamu, nigombee umeya Januari, na miaka michache mbele, Mungu akijalia, niende bungeni, Kongresi. Nikamwambia sitajibu mpaka nimsikie dada yangu. Wewe ni diwani na mkunga, kila nyumba unaijua kwa mlango wa nyuma. Mimi nimeshakuwa mgeni kwetu.

Leonila anasema yeye mke ndiye wa kuulizwa, dada huarifiwa tu. Lakini nakuuliza. Nigombee?

Mdogo wako,
Genes


San Rufino, 20 Septemba 1987

Mdogo wangu Genes,

Nimefurahi kusikia homa imekuacha. Kiuno changu kipo vilevile, kinanijulisha mvua kabla ya redio.

Huyo Deogracias alikaa jikoni kwangu mwezi wa sita, akala wali wangu na samaki wakavu, sahani mbili, akaniambia kiti cha umeya ni changu. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka nikushtue kwa habari njema. Juzi nilimkuta sokoni nikamwuliza mbona amenigeuka. Hakuona hata haya. Alisema, "Manang, wewe watu wanakupenda. Lakini yeye ana majua matatu ya ukanali begani."

Unajua hapa wote wananiita Manang, dada mkubwa, hata wazee walionizidi umri. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwangu ikiwa uchi na inalia. Sina jua hata moja begani.

Gombea. Mama alinikabidhi wewe ukiwa na miaka minne, sitaanza leo kukuwekea mguu. Nitakupitisha nyumba kwa nyumba. Ila usiniombe nifurahi kwa sasa.

Dada yako,
Puring


Manila, 3 Machi 1990

Dada yangu,

Hujambo na wajukuu? Mimi mzima, ila joto la Manila linanitoa jasho mpaka kwenye kope. Wiki ya pili sasa napita ofisi za wakubwa wa chama. Wanalitaja jina langu. Mmoja alisema mbele ya watu kwamba wilaya yetu haijawahi kupeleka mwanajeshi Kongresi, na ni wakati wake.

Kuna jambo ambalo nimeshindwa kukwambia ana kwa ana. Ni mwaka wa tatu huu nipo kwenye kiti cha umeya, na bado mtu akija na shida ofisini humwuliza kwanza mlinzi, "Manang yupo?" Nikitoka mimi, wananipigia saluti, wanasema walikuwa wakipita tu. Siku tulipofungua daraja, padre alikushukuru wewe kabla yangu. Daraja nimelipigania mimi, Dada. Wewe ulileta keki za mchele.

Nakuomba usiwe unapokea watu nyumbani. Waelekeze ofisini kwa meya. Mji hauwezi kuwa na milango miwili.

Mdogo wako,
Genes


San Rufino, 15 Machi 1990

Genes,

Salamu nimezipata. Wajukuu hawajambo, mdogo ana mafua.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikujua kama na wewe hali hii inakuchoma. Nilidhani mimi peke yangu. Zamani ulikuwa unaitwa mdogo wake mkunga. Siku hizi nikipita, wageni wanaonyeshana kwa kidole: yule ni dada wa Kanali. Naungama wivu kwa padre kila Ijumaa. Jumamosi nafungua zahanati, naikuta picha yako ukutani imevaa magwanda, na chini yake imeandikwa kwamba zahanati ni kazi ya meya. Zahanati hiyo nimepanda basi mara kumi na moja kwenda ofisi za mkoa Iloilo kuiombea, wewe ukiwa bado Cotabato.

Kwa hiyo tumeumizana sawa. Watu nitawaelekeza kwako, ingawa sijui nitamwelekezaje mwenye uchungu wa kuzaa.

Nami naomba kitu kimoja. Siku ukienda Kongresi, kiti cha meya kiwe changu. Nisijibiwe kwa mdomo, niandikie.

Dada yako,
Puring


Manila, 22 Machi 1990

Dada,

Sisi wazima. Siku nikienda Kongresi, kiti cha meya ni chako. Nimeandika kwa mkono wangu. Picha nitaiondoa zahanati nikirudi.

Mdogo wako,
Genes


Manila, 17 Januari 1995

Dada mpendwa,

Natumai mwaka mpya umekuanzia vizuri na wajukuu wanaendelea na shule. Mimi nina sukari kidogo, daktari amenikataza wali, kana kwamba amenikataza kupumua.

Hatimaye chama kimenipitisha. Mwezi wa tano nagombea Kongresi dhidi ya Wakili Escarda.

La pili ni gumu. Chama kinataka Leonila agombee umeya. Niligoma, nikakutaja wewe, nikatoa hoja zako zote. Wakanijibu kwamba wapiga kura wanaandika majina kwa mkono kwenye karatasi, na mtu akishaandika Tupaz kwenye mstari wa Kongresi, ni rahisi kuandika Tupaz tena kwenye mstari wa meya. Leonila ana jina la Tupaz. Wewe una jina la marehemu mumeo.

Najua nilichoandika mwaka ule, sijasahau. Nivumilie muhula mmoja tu. Leonila mwenyewe anasema utakuwa mshauri wake, na meza yako itakuwa karibu na yake.

Mdogo wako,
Genes


San Rufino, 12 Februari 1995

Kanali,

Nimesikia umerudi tangu Jumatatu. Kati ya nyumba yangu na yako kuna kanisa na soko tu, lakini nakuandikia kwa sababu nikija nitamkuta Leonila barazani na nitasema maneno ambayo hayatarudi tumboni.

Jina la Tupaz nililibeba miaka sita kabla hujazaliwa. Wewe ulivyoondoka nalo kwenda jeshini, mimi nilibaki hapa kulisafisha kila baba alipolewa tembo la mnazi na kutukana watu. Leonila amelipata kanisani kwa asubuhi moja. Miaka saba hii hajawahi kuingia zahanati ila siku ya kupigwa picha, na akiingia huziba pua. Huyo ndiye nitawekewa meza karibu yake?

Nikikuonea gere wewe, najitetea kwamba ni mdogo wangu, nimekulea. Yeye sina cha kujitetea nacho. Namwonea gere mpaka nakosa usingizi.

Leo asubuhi nimejiandikisha kugombea umeya, bila chama. Sitasema neno baya juu yako. Wakiniuliza habari za Kongresi, nitanyamaza.

Dada yako,
Puring


San Rufino, 19 Mei 1995

Dada,

Sijui kama ni sahihi kukuuliza hali. Nimesikia umeanguka ngazini siku ya kutangazwa, na kwamba si vibaya. Nashukuru.

Hongera, Meya. Leonila amekwenda kwa dada yake Bacolod, hakusema atarudi lini.

Wilaya yetu ina miji sita. Nimeshinda minne, ikiwemo kule ambako sijui hata njia ya kwenda kisimani. Nimeshindwa mmoja kwa kura chache tu. San Rufino nimeangushwa vibaya, na ni San Rufino iliyompa Escarda kiti. Mji niliozaliwa, nilioujengea daraja.

Siku zote hizi nimekaa ndani najiuliza swali moja, na sasa nakuuliza wewe. Uliwaambia nini?

Genes


San Rufino, 21 Mei 1995

Mdogo wangu Genes,

Mguu umevimba kidogo tu, naukanda na mafuta. Sukari yako unaipima, au umeacha kwa hasira?

Sikuwaambia kitu. Walikuja mmoja mmoja, wengine matumbo mbele. Waliniuliza, "Manang, na Kongresi tumpe Kanali?" Nikawa napima tumbo, naandika daftarini, namwita anayefuata. Wakatoka wakitazamana. Nilijua ninachofanya. Ukimya wangu hapa wanausoma kuliko maandishi, na nilikuwa nikiuona unafanya kazi, nyumba baada ya nyumba, na sikuukatiza. Ningesema neno moja tu, ungekuwa Manila leo.

Na kwa kuwa umeuliza, chukua na hili. Kwenye kibanda cha kura nilisimama mbele ya mstari wa Kongresi mpaka mwalimu msimamizi akakohoa. Jina la Escarda sikuliandika. Na lako sikuliandika. Mstari niliuacha mtupu. Nimeungama kwa padre, lakini aliyepaswa kuambiwa ni wewe.

Dada yako,
Puring


San Rufino, 30 Mei 1995

Dada Puring,

Naipima, imeshuka.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Mwanzo nilitaka kuja kuirudisha mkononi mwako mbele ya watu. Baadaye nikaona nitakuwa nafanya unafiki.

Siku ya kura nilipanga foleni kama kila mtu, Leonila mbele yangu, shule ileile tuliyosoma mimi na wewe. Watu walinisalimia wakitazama viatu vyangu. Nimeongoza askari, najua watu walioshaamua wanavyosimama. Kabla sijafika mezani nilikuwa nimeshajua kwamba nimekwisha. Leonila aligeuka akaniambia, "Angalau mimi nitapita." Alikuwa anatabasamu.

Nikaingia kibandani. Kwenye mstari wa Kongresi nikaandika jina langu. Kwenye mstari wa meya nikaandika lako, jina la ndoa, kwa herufi kubwa ili wasije wakalikosea.

Usinishukuru. Sikuandika kwa sababu ya ahadi yetu, wala kwa mapenzi. Nilijiona narudi nyumbani mimi nimeshindwa na Leonila ameshinda, nampikia chai meya, nikashindwa kuvumilia.

Yeye hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Mdogo wako,
Genes