Gari Linalotwanga

Jumamosi, Kongowe ya Kibaha

Ukucha wangu ulinasa. Ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Fundi alikuwa ameshafungua injini ya gari langu, akanishika kidole na kukipitisha ndani ya silinda, mahali panapotakiwa kuwa laini kama kioo. Palikuwa na michirizi mirefu.

"Hapa hamna kutengeneza, bosi. Ni injini nyingine."

Injini nyingine maana yake tuuze kile kiwanja chetu cha Kibuta.

Akaniuliza, "Kwani ulikuwa husikii inavyogonga?"

Nikasema sikusikia. Uongo mtupu.

Hata baba mkwe alisikia, siku ile tulipokwenda kumsalimia Maneromango. Alisimama kando ya boneti, jembe begani, akasema, "Mkwe wangu, hili gari linatwanga." Nikacheka. Nikamwambia magari makubwa ya kifahari ndivyo yalivyo, tena hili nimelinunua limeshatumika.

Lakini neno lake lilinikaa. Tangu siku ile, kila asubuhi nikienda kazini nilifunga vioo na kuzima redio. Tok, tok, tok. Barabara inafifia, namwona marehemu mama uani kwetu kule kaskazini, anatwanga mahindi, amenipa mgongo. Nikikanyaga mafuta, anatwanga haraka. Nikipunguza, naye anapumzika.

Mke wangu ameshauliza mara mbili kwa nini sikulipeleka gari gereji mapema.

Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nangoja mama ageuke?