Uzi wa Kumi

Ngenge, Muleba
11 Februari 2024

Mwanangu Rwekaza,

Salamu zikufikie hukohuko Goziba, katikati ya maji. Sisi tupo. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau, jioni analikumbuka tena akiniona nimekaa. Migomba imesimama vizuri. Wewe je, kifua kimepona? Na mkono?

Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei. Barua hii nampa Hafidhi mwenye mtumbwi wa dagaa, anayefika huko kila Jumatano na kugeuza Ijumaa. Yeye huwezi kumkata kama unavyokata simu.

Sasa sikiliza. Natengeneza gitaa. Usicheke. Si la kukumbatia kama lile ulilopigia kwaya. Hili linalazwa mapajani, nyuzi zikitazama juu, na mkono wa kushoto haubonyezi chochote: unashika kipande cha chuma na kukitelezesha juu ya nyuzi. Nililiona kwenye simu ya mwalimu wa kwaya. Mzee mmoja wa nchi za mbali alikuwa akililiza kama mtu anayeimba bila maneno, na mkono wake wa kushoto haukuwa na kazi kubwa kuliko ya kushika kijiko. Nikawaza vidole vyako vitatu vilivyobaki.

Ya kawaida yana nyuzi sita. Mimi naweka kumi. Enanga ya babu yako, nayo ya kulazwa mapajani, ilikuwa na nane, nawe ulipokuwa mdogo ulilalamika kwamba zinaisha kabla ya wimbo. Mchoro nimeuweka humu. Uangalie kwa macho ya mpigaji, maana mimi ni fundi wa milango na vitanda. Ukiona kosa, niambie.

Pasaka ni tarehe 31 Machi. Ningependa likusubiri hapa.

Ni mimi,
Baba yako


Goziba
22 Februari 2024

Taata,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Barua na mchoro vimefika. Dagaa ni wachache mwezi huu na upepo ni mwingi.

Kuhusu gitaa, usijisumbue. Tangu kamba ya kuwashia injini ichukue vidole viwili, mambo hayo nimeyaacha. Kidole si mgomba, kwamba kikikatwa kitachipuka kingine. Na wewe mwenyewe ulilisema hospitalini, Taata, nami nililisikia vizuri.

Nisalimie Maawe, goti lake lipone. Pasaka sijui.

Mwanao


Ngenge
10 Machi 2024

Mwanangu,

Habari za mawimbi? Huku mvua imeanza na maharage yameshukuru. Mama yako anauliza kama unakula mboga, au ni dagaa kwa dagaa.

Umesema nisijisumbue. Nimeshajisumbua. Mbao nilikuwa nayo nyumbani miaka yote: obwato, ule mtumbwi wa mvule ambao babu yako alikanyagia ndizi za pombe. Tangu afariki ulikaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga humo. Mti ulionyweshwa olubisi, maji yale ya ndizi, miaka arobaini haupindi tena. Nimeukata. Baba yako mdogo Mwijage alipokuta vipande, alikaa kwenye maranda kama mtu aliyefika msibani, kisha akaondoka bila kuaga. Hii ni wiki ya tatu hanisalimu. Hata kanisani, tukipeana amani, ananipa ncha za vidole.

Nilikwenda Bukoba kwa Mama Indumati, mjane wa marehemu Ishwarlal aliyekuwa akiuza redio na magitaa. Siku hizi nusu ya duka ni ndoo za plastiki. Alinitafutia sumaku ya spika kuukuu, akanionyesha jinsi ya kuizungushia waya wa shaba wa feni ili inase sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye redio. Kisha akaniuliza, "Mzee, funguo za kukazia nyuzi unazo?" Nikamwambia sisi Wahaya hatuhitaji funguo kumi. Enanga ina uzi mmoja tu, unakwenda na kurudi, pengo kwa pengo, mpaka mwisho. Nimefanya vivyo hivyo: waya mmoja wa chuma, mita tisa, umepita mara kumi. Mama Indumati alinitazama sana, akanifungia sumaku kwenye gazeti.

Kwa sasa umelegea. Jumamosi, tarehe 16, nitaukaza mpaka ufikie sauti ya kinanda cha kanisa. Nasema kweli, naogopa kidogo. Nikiuvuta unaguna. Enanga ilikuwa ya mishipa ya ng'ombe, ilikuwa inasamehe. Hafidhi nimemwambia akusubiri. Akiondoka huko Ijumaa, neno lako litanikuta kabla sijaanza.

Baba yako


Goziba
21 Machi 2024

Taata,

Shikamoo, na Maawe shikamoo. Hamjambo nyote? Goti je?

Jana Hafidhi alifika mikono mitupu. Nilimuuliza mara mbili, akageuza mifuko nje nikaona. Labda mvua imeharibu barabara. Labda una kazi ya jeneza au kitanda cha mtu.

Taata, ule waya, usiukaze. Chuma si mshipa wa ng'ombe. Kila uzi unataka ufunguo wake, ukikatika ukatike peke yake. Ukiwa mmoja, ukikatika mahali pamoja tu, zinafyatuka zote kumi, na hauna pa kwenda isipokuwa kwa aliyeinama juu yake. Kama umeshaukaza, funika gunia, geuza uso, ulegeze polepole.

Nimepanda mwambani kutafuta mtandao. Nimekupigia mara saba. Inaita mpaka inachoka. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


Goziba
28 Machi 2024

Taata, Maawe,

Shikamooni. Leo ni Alhamisi Kuu. Siulizi hali zenu kwa desturi. Nauliza kwa sababu sijui.

Hafidhi ameniambia. Mwaloni, wanaposhushia dagaa, alikutana na mama mmoja wa Ngenge anayeuza ndizi. Mama huyo amesema Jumamosi ile Mzee Buberwa, ndiye wewe Taata, alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mke wake, amefungwa kitenge usoni, na kitenge kimelowa damu. Walielekea Bukoba. Zaidi ya hapo hajui.

Taata, nilijua. Nilijua tangu mchoro wa Februari. Nyuzi ulizichora zikigeuka mwishoni, nikaona ni enanga, nikaona ni waya mmoja. Nilijua ukivutwa mpaka sauti ya kinanda utakatika. Barua yako ya pili ilipofika, Hafidhi alikaa juu ya ndoo mlangoni kwangu, akasema, "Mzee kasema nisubiri neno." Nikamwambia hakuna neno. Ijumaa asubuhi akapita tena. "Hata salamu?" Nikamwambia hata salamu.

Nilikuwa na hasira. Nilitaka likushinde, useme mwenyewe limenishinda, kama lilivyonishinda mimi nawe ukaona si kitu. Likatike gitaa, si wewe. Sikuwaza kwamba uso wako utakuwa juu yake. Au niliwaza, nikageukia upande mwingine.

Kesho mtumbwi unaondoka na nafasi ipo. Nimefunga begi mara mbili, na mara mbili nimelifungua. Naogopa kufika nikute nilichokifanya. Nileteeni neno moja tu. Hata la kunilaani.

Mwanenu


Ngenge
7 Aprili 2024

Mwanangu Rwekaza,

Kristo amefufuka. Anayesema ni mimi, anayeandika ni mama yako, kwa hiyo ukiona mwandiko umenyooka usidhani nimerudi shule. Tumetoka hospitali Bukoba juzi. Barua zako mbili tumezikuta zimechomekwa mlangoni.

Jicho la kulia limekwenda. Nilikuwa nimefika kwenye mkazo wa mwisho, waya ukakatikia pengo la saba. Hata mlio sikuusikia. La kushoto linaona, ila linachoka, na daktari anataka kulitazama tena mwezi ujao. Kwa hiyo usiniulize kama naogopa.

Uliyoandika, mama yako amenisomea mara mbili. Sikufichi, yameniuma kuliko waya. Jana nilishinda migombani peke yangu. (Na chakula alirudisha. Mama yako.)

Halafu nikakumbuka neno langu la hospitalini, miaka miwili iliyopita, mkono wako ungali umefungwa bandeji. Nilisema, "Hata hivyo gitaa halikuwa linakulisha." Baadaye nilijiambia nilikuwa nakufariji. Si kweli. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa ulimi hutangulia. Nililiona neno likikuingia na sikulitoa. Nisamehe, mwanangu.

Tukiwa wodini Mama Indumati alikuja na kopo la biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti. Zilikuwa funguo kumi za kukazia nyuzi, zimetolewa kwenye magitaa mabovu ya marehemu mume wake, hakuna mbili zinazofanana, na nyuzi kumi za kweli. Akaanza kulia. Akasema, "Siku ile nilijua, Mzee, lakini niliona haya kumfundisha fundi kazi yake." Sasa nasema, basi mko wawili, mtafutane mlie pamoja.

Aliyezifunga ni Mwijage. Ndiyo, huyohuyo. Gitaa mama yako alikuwa amelitupa kwenye shimo la mbolea. (Ningelichoma, ila mvua ilinyesha.) Mwijage akalitoa, akalifuta kwa shati lake la Jumapili. "Mti wa baba hautupwi," alisema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Februari. Nyuzi tisa zimekaa, kila mmoja na ufunguo wake. Leo baada ya misa alitelezesha chupa ya soda juu yake, sauti ikapanda yote kwa mara moja, haikukanyaga ngazi hata moja. Mama yako alisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini. (Haukushika.)

Uzi wa kumi nilisema nitaufunga mwenyewe. Kwa jicho moja, tundu la ufunguo lipo na halipo. Nimelikosa mara nne, nikauacha unaning'inia.

Sikuiti. Nimeshakuita vya kutosha. Nakueleza tu lilipofikia.

Baba yako

(Mimi nakuita. Njoo. Mama yako.)


Goziba
11 Aprili 2024

Taata, Maawe,

Shikamooni. Barua hii sikumpa Hafidhi. Nimekuja nayo mfukoni. Maawe anaisoma, nami niko hapohapo, karibu na mlango. Nimeiandika kabla ya kupanda mtumbwi kwa sababu najijua. Nikifika nitauliza habari za migomba mpaka giza liingie, na nitaogopa kukutazama usoni, Taata. Kama sijakutazama mpaka sasa, ujue ndiyo sababu.

Nisamehe. Neno lako la hospitalini nililibeba miaka miwili, leo nimelitua, sitalibeba tena. Lakini usilipime na langu. Langu lina jicho lako ndani yake, na najua kuna la pili linalosubiri daktari. Mwezi ujao nitakupeleka mimi.

Kitu nilichoweka mezani kwenye kitambaa ni pini ya pistoni. Imetoka kwenye injini ileile iliyochukua vidole vyangu. Ni chuma laini, kizito, kinajaa kiganjani. Nilikiokota wiki ile ya barua yako ya kwanza. Ndiyo, wiki ileile niliyokuandikia usijisumbue. Nilifunga mshipi wa kuvulia kwenye ubao, nikawa natelezesha pini juu yake kila nikirudi kutoka ziwani, mlango nimeufunga wasinione. Naishika kwa gumba na vile viwili vya mwisho. Inaniponyoka. Sijui kama nitaweza kupiga kitu cha kusikilizwa.

Maawe, ukifika hapa acha kusoma. Lete gitaa, liweke mapajani mwa Taata. Mpe uzi wa kumi, ashike ncha moja asiiachie. Tundu nitalitafuta mimi.

Naye ageuze uso pembeni, mpaka nimalize kuukaza.

Mwanenu