Maksai wa Pili

Ilembo, Mpanda
9 Machi

Mama Jeni mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Jeni na Martin, na kile kikohozi chako kiwe kimepungua. Mimi ni mzima isipokuwa mabega. Mabega sio yangu tena, ni ya magunia.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu unaniuliza "umekula?" nasema nimekula. Unaniuliza "watu wa huko?" nasema wapo. Salio limekwisha. Kwa hiyo hela nitatuma kwa simu, maneno nitampa Onesphore, kondakta wa basi la kuja huko Mamba. Karatasi haitozi nauli.

Nikuambie ukweli. Niliondoka baada ya mwaka mpya nikasema nitarudi kabla ya mvua za kwanza na hela ya maksai wawili wa kulimia, halafu siondoki tena. Sijasahau kwa nini. Mwaka jana tulikodi ng'ombe, mwenyewe akalima kwake, akalima kwa shemeji zake, alipofika kwetu mvua ilikuwa imeshaanza kukata. Mpunga ukabaki majani. Sitaki tena kusimama barabarani namsubiri ng'ombe wa mtu.

Lakini hela haikai. Hapa kwenye maghala tunalipwa kwa gunia, jioni kwa jioni. Siku nzuri napata elfu kumi na mbili. Nikishaishika inaanza kutoka kabla sijanawa uso. Asubuhi supu, maana gunia halibebeki na tumbo tupu. Mchana wali kwa mama ntilie. Jioni kila kuli anatoa elfu moja kwenye mfuko wetu, anaushika Shadrack, mkubwa wa zamu. Mtu akiugua au akifiwa mfuko unamsimamia. Halafu tunakaa kijiweni hapo nje ya ghala, mara soda, mara kitu kingine, nisikufiche. Sio kiu. Ni kwamba chumbani hakuna mtu. Ukirudi mapema unakaa kitandani unasikiliza redio za majirani.

Kodi nimelipa. Miezi miwili sasa, na nilichobaki nacho ni elfu ishirini. Nimeona aibu kuituma.

Nyie kwenye kikoba mnafundishwa mambo ya hela. Nifundishe na mimi.

Mumeo,
Baba Jeni


Mamba
21 Machi

Baba Jeni,

Milele, amina. Barua imefika ikiwa na harufu ya samaki, sijui Onesphore aliiweka wapi. Hapa ni wazima. Kikohozi kimeniacha, kimehamia kwa Martin. Mpunga umesimama vizuri upande wa chini, upande wa juu ni wa kuombea.

Elfu ishirini! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Sikiliza. Mwalimu wa kikoba anasema sisi wote tuna kosa moja: tunakula kwanza, halafu tunasubiri kitakachobaki ndio tuweke. Hakibaki. Mtu anaweka kwanza, halafu anakula kilichobaki, hata kama ni ugali na chumvi. Kwa hiyo ukilipwa tu, kabla hujakaa, pita kwa wakala unirushie. Hela ikilala mfukoni inaamka imekonda.

Supu acha. Nunua jiko la mkaa, sufuria, unga na dagaa, ujipikie. Mwanamume akipika hafi. Tafuta chumba cha bei ndogo hata kama ni mbali, miguu unayo. Kijiweni usikae. Ukikaa na watu wanaotumia, na wewe utatumia ili usionekane.

Na huo mfuko wa makuli, elfu moja kila jioni, piga hesabu mwisho wa mwezi uone. Unazika ukoo wa nani huko? Ndugu zako wako hapa. Siku yako ikifika, Mungu apishe mbali, utaletwa hapa, utazikwa na watu wa hapa. Toka.

Simu nayo usinipigie kila siku. Nikiona hela imeingia nitajua uko hai.

Usikasirike. Nakuambia hivi kwa sababu nataka urudi. Jeni ameanza kusema "baba wa kwenye simu".

Mkeo,
Mama Jeni


Ilembo
2 Juni

Mama Jeni mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi kusikia mmeanza kuvuna. Martin asiachiwe kuchezea pumba, zitamrudishia kikohozi. Mimi nipo, mzima, mwembamba.

Nimefanya yote kama ulivyosema. Umeona hela inavyoingia. Nimehama, sasa nakaa chumba cha nyuma kwa Mama Vénérande, huku mwisho ambako nyumba zinaisha mashamba yanaanza. Kodi ni nusu ya ile. Yeye anashinda shambani kwake, tunaonana siku ya kodi tu. Jiko ninalo. Dagaa nimewajua hadi kwa sura.

Kwenye mfuko nimetoka. Shadrack aliniita pembeni akaniuliza, "Melkior, umekosana na nani?"

Nikamwambia sijakosana na mtu, nina shughuli ya ng'ombe.

Akasema, "Elfu moja itakuzuia ng'ombe?"

Nikamwambia ndugu zangu wako Mamba.

Akanitazama, akasema, "Haya. Sisi ni magunia tu hapa." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka.

Sasa wananiita Benki. Nikipita kwenda kwa wakala jioni wanapiga kelele, "Benki! Leo mnakopesha?" Nawaambia meneja kasafiri. Mwanzoni ilikuwa raha, tulikuwa tunataniana. Siku hizi wameacha. Napita tu. Mtu akijua huna cha kutoa wala cha kupokea anaacha kukutania, nilikuwa sijui.

Mfumo wenyewe hauna kasoro, mwambie mwalimu wako. Hela inakaa. Kitu nilichokuwa sijakijua ni kwamba jioni ni ndefu namna hii. Nikishakula, nikishaosha sufuria, bado kuna mwanga. Nalala na mwanga.

Tumefika laki ngapi? Niandikie, nataka kuisoma.

Mumeo,
Baba Jeni


Mamba
29 Juni

Baba Jeni,

Milele, amina, na leo amina ya kupiga vigelegele. Kaa chini kabla hujasoma.

Tumepata ng'ombe! Hela yako laki nne na nusu, kikoba kimevunja mzunguko nikaongeza laki moja na nusu yangu, nikaenda kwa Manyanda. Unamjua, yule Msukuma mwenye boma karibu na njia ya Kasansa. Akataka laki saba. Nikamzunguka huyo ng'ombe kama nanunua gari. Nikamwambia, "Mzee Manyanda, huyu ana kovu la nira shingoni, kashatumika. Na wewe una haraka, mwanao anaoa."

Akasema, "Nani kakuambia mwanangu anaoa?"

Nikamwambia, "Mkeo, kisimani."

Akacheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mama Jeni, ungekuwa hujaolewa ningekutolea ng'ombe badala ya kukuuzia." Laki sita, na kamba juu.

Ni mwekundu, baka jeupe tumboni, mpole. Jeni anamkuna shingo, analeta shingo yote. Majirani walikuja kumwona, nikapika, tukala, ilikuwa kama sikukuu ndogo. Wewe tu ndio hukuwepo.

Mpunga sijauza na sitauza. Sasa hivi wachuuzi wanazunguka na mizani zao, wanataka bei ya kutupa. Tutauza Januari watu wakiwa na njaa na bei ikiwa na adabu.

Lakini ng'ombe mmoja halimi. Bado yule wa pili. Huu ndio msimu wa magunia, kaza, Baba Jeni. Umebakiza nusu ya njia.

Mkeo,
Mama Jeni


Ilembo
14 Septemba

Mama Jeni,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umekasirika, na una haki. Hela imekatika, simu haikupatikana, barua hukupata. Naomba usome hadi mwisho ndio ukasirike.

Mwezi wa nane nilianguka na gunia kwenye ubao wa kupandia lori. Mgongo ulilia kama kuni. Nikajiburuta nyumbani mwenyewe, nikasema nitalala, kesho nitaamka. Usiku homa ikaja juu yake. Kesho yake sikuweza kusimama. Simu haikuwa na chaji, na pa kuchajia ni dukani, na duka liko mbali kwa sababu chumba cha bei ndogo kiko mbali. Nililala pale. Maji yalikuwa kwenye ndoo, baadaye yakaisha.

Nilikuwa nasikia watu wakipita kwenda shamba. Nilikohoa kwa makusudi. Hakuna aliyesimama, na siwalaumu, hakuna aliyenijua.

Aliyenikuta ni Mama Vénérande, na alikuwa amefuata kodi. Alisukuma mlango akasema, "Eh! Wewe upo? Mimi nilijua umesafiri!" Akaita bodaboda, wakanibeba katikati yao kama gunia hadi hospitali.

Shadrack alipata habari kwa huyo wa bodaboda. Akaja na wenzake wawili bado wana vumbi la mahindi. Nikamwuliza hawakuona kwamba sipo? Akasema, "Tuliona. Tukajua umerudi kwenu. Hukuaga, lakini Benki, hata salamu ulikuwa umeacha." Wakacheka, na mimi nikacheka, mgongo ukaniadhibu.

Hospitali wamelipa wao. Sio kwenye mfuko, maana mfuko una sheria yake na mimi nilitoka. Walichanga mifukoni mwao. Sikuweza kuwatazama.

Sasa jambo lenyewe. Daktari amesema magunia basi, mwaka huu nisinyanyue kitu kizito. Na niliyokutumia Julai haifiki hata nusu ya bei, kwa hiyo maksai wa pili hayupo, Mama Jeni. Mvua ziko mlangoni. Sijui nibaki hapa nifanye kazi gani, na sijui nirudi nyumbani nimeshika nini. Niambie wewe.

Mumeo,
Baba Jeni


Mamba
22 Septemba

Baba Jeni mume wangu,

Milele, amina. Nimesoma barua yako jikoni, ugali ukaungua, watoto wakala hivyo hivyo.

Na mimi nikuambie ukweli. Hela ilipokatika sikufikiria ugonjwa. Nilifikiria mwanamke. Nilisema moyoni, sasa Melkior kapata mtu wa kumpikia. Nikajaribu simu, haipatikani, nikasema kaizima. Nikajivuna, sikujaribu tena. Watu wakiniuliza, "Baba Jeni hajambo?" nawajibu, "Anabana matumizi." Kumbe umelala chini unakohoa ili watu wasikie.

Nilikuambia utoke kwenye mfuko. Wiki ile ile, Baba Jeni, mimi nilibeba kuni na unga kwenye msiba wa pale jirani, nikalala huko siku tatu, nikaona ni jambo la kawaida. Kwa nini nilidhani huko Mpanda watu hawaugui? Mwalimu wa kikoba hakusema utoke. Hilo nililiongeza mimi, kwa uchu wa ng'ombe.

Sasa nisikilize. Dafrosa, mjane wa kule bondeni, alikuwa na maksai wawili, mmoja kauza kwa ada ya mtoto. Amebaki na mmoja, mzee, jicho moja halioni. Nimeenda kwake jana. Tumekubaliana tuwafunge nira moja, wake na wetu. Sharti lake tuanze shambani kwake. Najua utauma meno kusikia hivyo. Lakini shamba lake ni dogo, na safari hii na sisi tutakuwa tumeshika mpini, hatutakuwa tunasubiri barabarani. Tumewajaribu jioni. Wa kwetu anavuta kulia, wa kwake haoni kulia. Dafrosa kasema, "Hawa wataelewana kama mimi na marehemu." Tumecheka sana.

Mgongo wako usikutishe. Jembe nitashika mimi. Wewe utatangulia mbele, unawaongoza kwa kamba. Kutembea daktari hajakukataza.

Rudi. Hujashika kitu, rudi hivyo hivyo.

Mkeo,
Mama Jeni


Ilembo
21 Oktoba

Mama Jeni mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unapungua. Watoto wasalimie, na Dafrosa, na huyo mzee wake wa jicho moja.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuondoka kama mtu aliyekimbia. Shadrack alinipa kazi ya kukaa, kushona midomo ya magunia. Hela yake ni ndogo. Nimepata ya kumlipa Mama Vénérande kodi yake, na jioni nimekuwa natoa elfu moja kwenye mfuko kama wengine, ingawa nimewaambia naondoka na sitafaidi. Mmoja kasema, "Benki imerudisha amana." Nimefurahi kutaniwa kuliko ninavyoweza kukuandikia. Nauli iko. Zaidi ya hiyo usitegemee.

Nitapanda basi la Onesphore Jumamosi. Barua hii itatangulia siku mbili, ndio maana nimeweka hapa jambo ambalo sitaweza kulisema nikifika.

Wakati ule wa kubana nilikuwa nakula nimefunga mlango. Unajua ukila mlango wazi mtu akapita lazima useme karibu tule, na wengine wanakaribia kweli. Nikawa nafunga, nageukia ukutani, nakula haraka, sufuria mapajani, hata kijiko nisikigonge. Siku moja mtu alibisha hodi. Nilikaa kimya na tonge mdomoni hadi akaondoka. Sijui alikuwa nani wala alitaka nini. Hiyo ilikuwa Julai, hela ilikuwa inaingia vizuri.

Juzi Shadrack aliniita nyumbani kwake tule kabla sijaondoka. Sahani moja, watu wanne. Mke wake akaniuliza, "Shemeji, mbona unageuka?" Nikajiona nimewapa watu mgongo, tonge nimelificha kiganjani.

Kwa hiyo nikifika, ukiniona nafanya hivyo, usiniulize mbele ya watoto. Nivute bega tu, nigeuke.

Mumeo,
Baba Jeni