Muhuri wa Siku ya Kumzika Baba

Dada yangu mpendwa Athieno,

Naomba barua hii ikukute umepata usingizi kidogo, na Mama amekubali kula. Mimi nipo huku Uarabuni, mzima wa mwili. Magoti yananiuma kwa kusimama kutwa kwenye mashine za kufulia, lakini hayo si ya kumwandikia mtu aliye matangani.

Naandika kwa sababu kila nikipiga simu Baba mdogo Ochwo anakupokonya na kunifokea: "Mtoto ya kwanza nakataa kuzika baba yake, sisi nasema nini kwa watu?" Sikukataa, Athieno. Pasipoti yangu iko kwa msimamizi tangu nilipofika. Nilimwendea nikalia mbele yake, mimi mwanamume mwenye ndevu. Akasema meli za kivita zimefunga gatini, na nguo za mabaharia hazingoji matanga. Nina hasira ambayo sijui niitue wapi.

Sasa sikiliza. Itafika posta ya Tororo bahasha yenye jina la Baba. Usishtuke. Unajua alivyokuwa na wazimu wa mihuri ya posta za meli za kivita, yeye karani wa posta aliyestaafu bila kuiona bahari. Bahasha ya kwanza iliyogongwa muhuri melini nilimpelekea kwa utani tu, kumbe nimewasha moto. Akavuka hadi Busia upande wa Kenya kutafuta albamu ya kuzihifadhi. Mama akanung'unika, "Hii makaratasi naweka kwa mchuzi?" na Baba akacheka. Alinifundisha kuwa meli hukusanywa kwa siku zake kubwa: siku inapoanza kazi na siku inapostaafishwa. Muhuri wa siku nyingine, alisema, ni wino tu.

Ijumaa, saa mliyosema mtamshusha kaburini, nilikuwa gatini na magunia ya nguo safi. Nikamwomba baharia anayeshika posta ya meli anigongee muhuri. Tumezoeana naye. Akasema posta imeshafungwa, wanajiandaa kuondoka, na tena leo meli haina siku yoyote kubwa.

"Ni siku ya baba yangu," nikamwambia. "Anazikwa sasa hivi."

"Yule wa bahasha zote?"

"Yule."

Akaipokea bahasha, akapanda nayo. Aliporudi alinionyesha: jina la meli, tarehe, kila herufi imetoka safi, kama Baba alivyopenda. Akanipa pole, akasema itaondoka na mfuko wa barua wa siku hiyo hiyo. Nikabeba magunia ya nguo chafu nikarudi kazini.

Ndani hamna kitu ila kadi ngumu ya kuzuia isikunjike. Baba mdogo ataiinua juani akitafuta dola, mnyang'anye. Isichanwe. Baba alisema bahasha iliyochanwa ni maiti. Itie kwenye albamu yake, nyuma ya zote.

Mpe Mama salamu, umshike mkono unapomsomea haya. Nisalimie shangazi wa kule Mella aliyekesha naye, na majirani wa hapo Petta waliochimba kaburi ambalo ningepaswa kulichimba nao.

Na wakikuuliza tena kifungua mimba alikuwa wapi siku ile, usibishane nao. Waonyeshe muhuri.

Kaka yako aliyekwama,
Owor