Maelezo ya Jafari Abdulhamid juu ya mafuta mekundu ya gari la Célestin Lokwa

Kituo cha Polisi, Stanleyville (Kisangani). Jumatatu, tarehe 11 Januari 1965, saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Jafari Abdulhamid. Umri: miaka kumi na tisa, mama anasema ishirini, lakini mama huhesabu kwa mavuno ya mpunga. Kazi: fundi wa magari. Si msaidizi wa fundi. Fundi. Makao: Kabondo, kwa mama yangu Mwanahamisi. Elimu: darasa la nne la primaire, nikatoka kwa hiari yangu na ya mwalimu.

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Tonton yangu Alfani Hemedi, mwenye garage, kaka wa mama yangu, amefungwa hapa tangu tarehe 7 Desemba. Jana mlinzi wa mlangoni alimwambia mama kwamba keshokutwa tonton atapelekwa kambini kwa askari, pamoja na wale wanaoitwa wasaidizi wa waasi walioushika mji toka Agosti hadi Novemba. Waliopelekwa kule wiki iliyopita hatujawaona tena. Ofisa, tafadhali, andika haraka. Mimi husema haraka.

Tonton anashtakiwa kwamba aliharibu kwa makusudi gari la Célestin Lokwa, karani wa posta, ili waasi wamkamate. Si kweli. Nitasema tangu mwanzo.

Kisangani nzima magari ya automatique, yanayobadili gia yenyewe, yalikuwa matano, na watu walioyajua walikuwa wawili, tonton na mimi. Wa tatu alikuwa Mbelgiji, akapanda ndege mwaka wa uhuru. Gari la Papa Célestin lilikuwa la Kimarekani, refu, rangi ya maziwa. Aliachiwa na mkubwa wake aliyekimbia. Watu wa Kabondo waliliita Madame, kwa sababu halikutaka kulazimishwa. Mimi lilinisikia. Uliza mtu yeyote.

Sasa, ofisa, sikia vizuri hapa, maana kesi yote iko hapa. Mafuta ya moteur, ya injini, unayapima moteur ikiwa imelala. Boîte automatique, lile sanduku la gia, ni kinyume. Sheria ya tonton ni hii: gari litembee kwanza mpaka lipate moto, lisimame pahali sawa, moteur iendelee kuunguruma, frein ya mkono ivutwe. Levier, mkono wa gia, unaipitisha kila nafasi, polepole. Ndipo unachomoa jauge, ile fimbo nyembamba ya kupimia, unaipangusa kwa kitambaa cheupe, unairudisha, unaichomoa tena. Mafuta mazuri ni mekundu. Yakiwa ya kahawia na kunuka moto, boîte inakufa. Na ukipima moteur imelala, mafuta yote yanashuka chini, jauge inakudanganya. Inasema nimeshiba, kumbe iko na njaa. Tonton alinifundisha hayo mara mia. Mara ya mia na moja nilimwambia, "Tonton, hata nikiota ndoto napima."

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Agosti 1964, saa nane mchana, Papa Célestin alileta Madame garage. Waasi walikuwa wamekaribia, na tulikwisha kusikia kwamba pahali walipopita waliwatafuta makarani kwa majina.

Alisema, "Papa Alfani, kesho asubuhi niko naenda Banalia na bibi na watoto. Ile gari inachelewa kushika. Angalia yote."

Tonton alipima, moteur ikiunguruma. Akasema, "Mafuta ya boîte imepunguka. Inataka chupa moja na nusu, na mimi sina hata tone. Bila hii hautafika Banalia, papa."

Mimi nikaruka. "Iko kwa yule Mgriki karibu na soko. Kabla ya alasiri nitakuwa nayo. Mnanijua!"

Tonton alicheka. Alikuwa anakwenda kuwavusha tantine, mke wake, na watoto kwa mtumbwi wa pirogue hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa hiyo kazi akaniachia mimi. Kwa Mgriki palikuwa pamefungwa. Nilipiga mlango mpaka mkono ukauma. Duka la pili limefungwa, la tatu limevunjwa na ndani hamna hata msumari. Saa kumi nilikuwa mbele ya nyumba yetu na mikono mitupu, mimi niliyewaambia mnanijua.

Mama hakuwapo. Jikoni kulikuwa na chupa mbili za mawese, mekundu, mapya. Nikainua moja kwenye jua. Wallahi, rangi ilikuwa ile ile. Nikajiambia, bon, mafuta ni mafuta, na mawese inapika samaki kwa moto mkali na haifi. Nikachuja kwa kitambaa cheupe cha tonton, mara mbili, nikatia chupa ile moja kwenye boîte. Papa Célestin alikwisha kuniomba nisichome essence, petroli yake, maana aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumfikisha Banalia tu. Basi nikapima moteur imelala. Jauge ikasema imeshiba. Nikafurahi. Hata nilipiga mluzi.

Saa kumi na moja tonton alirudi, suruali imelowa hadi magotini.

"Umeipata?"

"Angalia rangi, tonton."

Aliangalia jauge. Ilikuwa nyekundu. "Umepima?"

"Nimepima."

"Moteur ilikuwa inaunguruma?"

Nilimjibu, "Tonton, unaniuliza mimi?"

Alinipiga kofi dogo la kichwani, la mapenzi, akaniacha. Hapo ndipo alipokosea yeye. Aliniamini.

Jumanne tarehe 4 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Papa Célestin aliendesha, Mama Berthe mke wake pembeni, mimi nyuma na watoto wawili, Émilie na Faustin. Papa Célestin alinichukua kusudi, akisema automatique bila fundi ni mgonjwa bila daktari. Nilijivuna. Tulivuka daraja la mto Tshopo vizuri. Niliwaambia watoto kwamba Madame hajui kukataa mbele yangu.

Karibu kilometa ya tisa Émilie alisema, "Mama, kunanuka mikate ya kukaanga."

Mama Berthe akacheka kidogo. "Nani anapika kwa barabara?"

Mimi sikucheka. Ile harufu naijua. Ni ya sufuria ya mama.

Kilometa ya kumi na nne, Masako, pale msitu unapoanza, moteur ilipiga kelele na magurudumu yakakataa. Saa moja kasoro dakika kumi. Nilifungua mbele, nikachomoa jauge. Mafuta yalikuwa povu la kahawia, yanachemka. Nilijua pale pale. Papa Célestin alinishika bega.

"Jafari, mwanangu, fanya kitu. Hata kidogo. Hata itembee kama mzee."

"Ipoe kwanza, papa," nilisema. Hakuna kilichokuwa kinangoja kupoa. Nilikuwa natafuta maneno tu.

Mama Berthe aliniuliza, "Nani alitia mafuta?"

Nilisema, "Tonton."

Neno moja, ofisa. Sikusukumwa na mtu. Lilitoka kama mate.

Tulisikia camion, lori kubwa, kutoka upande wa mji, na watu wanaimba. Papa Célestin alimsukuma Mama Berthe na watoto msituni, akaniambia, "Weye uko kijana, uwachunge. Mimi nitawaambia wachukue gari." Nilimwambia tukimbie wote. Akasema, "Ipoe kwanza, si umesema? Labda itashika."

Tulilala kwenye majani hatua kama mia mbili kutoka barabarani. Nilimziba Faustin mdomo kwa mkono wangu. Tulisikia camion ikisimama, sauti nyingi, halafu camion ikiondoka. Tulitoka saa nne. Madame alikuwepo, milango minne wazi. Levier ilikuwa kwenye D, nafasi ya kwenda mbele, clé, ule ufunguo, imewashwa, moteur imezimika kwa kukosa essence. Papa alikuwa bado anajaribu walipofika. Papa Célestin hatukumwona tena hadi leo.

Mama Berthe na watoto walijificha Masako kwa wakulima hadi waasi walipofukuzwa mjini. Tarehe 4 Desemba alikuja hapa kushtaki. Hakusema uongo. Alisema nililomwambia mimi. Tangu siku ile ya Masako sijalala vizuri, na sijaweza kula chakula chenye mawese, na kwetu kila chakula kina mawese.

Mkitaka ushahidi, nendeni Masako mkafungue boîte. Mafuta ya kweli hayagandi. Mawese yakikaa huganda. Tonton hakutia, hakuwauzia waasi mtu. Mwenye kosa ni mimi, fundi. Bon, andika msaidizi.

Sina lingine. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimesikia, ni maneno yangu. Tonton atoke.

(Saini) Jafari Abdulhamid

Maelezo ya ofisa: Shahidi alifika mwenyewe, akasaini kwa mkono wake baada ya kusomewa. Alilia mara mbili, akasema ni moshi. Leo Jumanne tarehe 12 Januari nilikwenda Masako pamoja na Bi. Berthe. Gari lipo. Magurudumu, viti na betri vimechukuliwa. Boîte hakuna aliyeitaka. Tulipofungua chini, mafuta yalitoka mazito, yenye mabonge ya rangi ya machungwa. Bi. Berthe alinusa, akaenda kukaa kando ya barabara, kisha akasema anaondoa mashtaka yake juu ya Alfani Hemedi.

Alfani Hemedi alipoulizwa kwa nini alikaa kimya wiki tano, alijibu kwamba dada yake alimwambia tangu Agosti kuhusu chupa ya mawese iliyopotea. "Ni mutoto ya dada yangu," alisema.

Ameachiliwa leo saa tisa alasiri. Jafari Abdulhamid anabaki kituoni mpaka mkuu aamue. Kabla ya kutoka, Alfani aliomba kumwona. Niliwaruhusu dakika mbili mbele yangu. Hawakusalimiana. Mzee aliuliza, "Moteur ilikuwa inaunguruma?"

Kijana alijibu, "Hapana, tonton."

(Saini) Benoît Lisungi, ofisa wa polisi